Klabu ya jogingi iliyokuwa inabebwa na watu watano: uchambuzi wa kisa kimoja cha Temeke

Kisa hiki ni cha klabu ya jogingi ya mtaani huku Temeke, jina naliacha kwa sababu wahusika wapo na Jumamosi tutakuwa nao barabarani kama kawaida. Nakiandika kwa sababu nimeona klabu nyingi za Dar zinaanza kwa kishindo, tisheti mpya, nyimbo, picha kibao, afu baada ya mwaka mmoja miwili limebaki grupu la WhatsApp la kutakiana Ijumaa njema. Ukiuliza utaambiwa hela iliyumba au viongozi waligombana, lakini ukichimba unakuta kuna watu watatu wanne waliochoka kuwabeba wenzao na hakuna aliyewaona wakichoka.

Sisi tuko kama 60 kwenye daftari, asubuhi ya kawaida wanatokea 30 mpaka 40. Kuna wauguzi, walimu, bodaboda, wenye maduka Kariakoo, wastaafu wawili watatu, mafundi, na bosi mmoja wa hadwea ambaye ndo mfadhili wetu mkubwa wa jezi. Ada ni elfu tano kwa mwezi. Tunakusanyika saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa kumi na mbili tunaondoka kwa nyimbo za mchakamchaka, tunapita Chang'ombe, tunazunguka Uwanja wa Mkapa, siku tukiwa na nguvu tunaingia mpaka Kilwa Road ndo tunageuza. Tukirudi kuna mazoezi ya viungo, halafu zamani ilikuwa inafuata supu ya klabu, na hiyo supu nitairudia maana ina habari yake.

Kwa asiyejua jogingi za huku, mtu akiona kundi linaimba barabarani anadhani ni watu wameamka tu wakaanza kukimbia. Mbele lazima awepo mwenye bendera nyekundu na filimbi, nyuma vilevile, na wawili wa pembeni wenye vizibao vya kung'aa, kwa sababu alfajiri ile bodaboda hana taa na daladala anawahi abiria. Lazima mtu ahesabu walioondoka na waliorudi. Maji yawepo, begi la dawa liwepo na lisiwe na bandeji za mwaka juzi. Kuna mtoa nyimbo, na asipokuwepo kundi linakatika vipande. Klabu rafiki zinatualika, na sisi tunaalika, maana ukienda kwa watu kwenye bethidei ya klabu yao nao wanategemea siku yako uwaite. Kuna misiba na harusi za wanachama, kuna barua za serikali ya mtaa, na kuna karatasi za usajili, maana klabu ya michezo inayotaka kutambulika na Baraza la Michezo la Taifa inatakiwa iwe na katiba na viongozi wanaojulikana. Yote haya yana mtu nyuma yake, na kwetu watu hao walikuwa watano: mwenyekiti, katibu, dada mtunza hazina, mzee mmoja mstaafu wa bandari aliyekuwa anashika bendera ya nyuma kila wiki bila kupumzishwa, na mama mmoja wa supu.

Hamna aliyewachagua kubeba kila kitu. Mwenyekiti, katibu na hazina walichaguliwa kwa kazi zilizoandikwa kwenye katiba, zile zingine ziliwaangukia tu, kila kitu kisicho na mwenyewe kinateremka mpaka kinamkuta asiyejua kukataa.

Sasa tulifanya bonanza, klabu tano zikaja, siku ikawa nzuri sana, muziki, mpira wa maveterani, kuvuta kamba, kila mtu kaposti. Jumapili usiku yule dada mtunza hazina akatoka kwenye grupu. Hakugombana na mtu wala hakuandika neno. Jumatatu bodaboda akaleta kwa katibu bahasha ya kaki, ndani kuna kaunta buku la fedha, hesabu zimefungwa mpaka shilingi ya mwisho, na salio limeshahamishwa kwenye simu ya mwenyekiti. Katibu akapiga, simu inaita haipokelewi.

Grupu likachemka. Wengine wakasema amekula hela ndo maana kakimbia, na hilo neno liliniuma kwa sababu hesabu zilikuwa mbele yao. Wengine wakasema wanawake ndo walivyo. Katibu akaangalia kurasa za mwisho za lile kaunta buku, kumbe dada alikuwa anaandika kule vitu vyake, kwa peni ya bluu, mistari mifupi mifupi, sio malalamiko, ni kama mtu anajikumbusha. "Kununua betri za tochi. Kufua vizibao. Kuwakumbusha wa maji Alhamisi na Ijumaa. Kumpigia mwenye muziki. Kukaa na waliochelewa kumaliza. Kuprinti fomu. Kwenda kumwona mgonjwa kwa niaba ya klabu. Kurudisha sahani, zilikuwa 100 zimerudi 94, nimelipa mimi." Iliendelea hivyo kurasa mbili na kipande. Kati ya hivyo vyote, kazi ya mtunza hazina kwa mujibu wa katiba haikuwepo hata moja.

Kabla sijaendelea na zile kurasa niseme tulikotoka, kwa sababu bonanza halikuwa mwanzo wa tatizo na klabu ilishajaribu mambo kabla yake.

La kwanza lilikuwa hotuba. Kila mkutano mwenyekiti anasimama, "jamani klabu ni yetu sote, tujitoe", na kwenye grupu anatupia ujumbe kwamba Jumamosi tunahitaji watu wanne wa kujitolea kwa bendera na maji. Majibu yanakuja, dole gumba, "pamoja sana mkuu", "tupo nyuma yako", halafu Jumamosi saa kumi na moja na nusu wapo walewale watano. Mimi siamini kwamba wale wa dole gumba walikuwa wanadanganya. Ujumbe ukienda kwa watu 60 kila mmoja anaona wapo wengine 59, na kwa kweli wapo, kwa hiyo anakubaliana na wazo kwa moyo mmoja na hahisi kwamba yeye ndo ameitwa.

La pili likawa zamu kwa alfabeti. Katibu kakaa kachora jedwali zuri, kalipini juu kwenye grupu, kila wiki na majina yake. Wiki mbili tatu likaenda. Halafu likaanza, Ijumaa saa nne usiku mtu anaandika "wakuu kesho sitakuwepo nina shifti", na anakuwa ameshamaliza, dhamiri yake imetulia kwa sababu ametoa taarifa. Taarifa imetolewa kwa watu wote lakini anayeipokea ni katibu, ndo anaamka kumi alfajiri kutafuta nani ashike filimbi. Jedwali halikumuuliza muuguzi ratiba yake ya usiku, halikumuuliza mwenye duka ambaye Jumamosi ndo siku ya mauzo, lilimwandika kila mtu kama vile maisha yao yanafanana. Na mwezi wa Ramadhani lilikufa kabisa, ratiba nzima ilihamia jioni na hakuna aliyelichora upya.

La tatu faini, elfu tatu ukikosa zamu. Hapa ndo pana somo kubwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Wiki ya kwanza ya mwezi yule bosi wa hadwea akatuma elfu kumi na mbili kwa mwenyekiti na ujumbe, "hiyo ya mwezi mzima mkuu, nitakuwa bize". Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ni mtu mkarimu, aliona klabu imeweka bei na yeye kalipa bei. Wengine wenye uwezo wakafuata. Huku chini kuna kijana wetu wa bodaboda, elfu tatu kwake ni hesabu ya mafuta, yeye akikosa zamu kwa sababu alilala barabarani kutafuta hesabu ya tajiri anadaiwa, akawa Jumamosi ya zamu haji kabisa kuona aibu, halafu ikawa haji Jumamosi yoyote. Yaani faini ilituondolea wafanyakazi kwa juu na wakimbiaji kwa chini, na bendera ya nyuma bado anayo yule mzee wa bandari.

Jambo hili watu walishalipima. Mwaka 2000 wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walitoa utafiti wa vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi walikuwa wanachelewa kuja kuchukua watoto wao jioni. Baadhi ya vituo vikaweka faini. Wachelewaji wakaongezeka, na hata faini ilipofutwa hawakurudi chini kama mwanzo. Mzazi aliyekuwa anakimbizana na saa kwa kumwonea haya mlezi sasa anaona ule muda wa ziada ameulipia. Ndo kilichotukuta sisi. Ile haya ndogo ya kumwona mzee wa watu ana bendera wiki ya kumi mfululizo ilikuwa na kazi yake, tukaibadilisha kwa elfu tatu.

Najua vilabu vingi vya Ujerumani, vya tenisi hasa, vinamtaka mwanachama afanye saa kadhaa za kazi kwa mwaka, asipofanya analipa, na vinaendelea vizuri tu. Lakini kule pesa inayolipwa inaweza kweli kumlipa mtu akafyeka na kutengeneza kiwanja. Sisi elfu tatu zetu haziwezi kuajiri mtu wa kushika bendera saa kumi na mbili alfajiri, na hata zingeweza, unataka nyuma yako na lori la mchanga awepo mtu anayekujua jina.

Sasa kilichokuwa kinanisumbua mimi ni hiki. Watu walewale wa dole gumba, mwezi mmoja kabla ya bonanza mwenzetu alifiwa na mama yake, na mtaani hamkuhitaji hotuba. Turubai limefungwa kabla ya adhuhuri. Vijana wamekwenda kuchimba kaburi, mwingine ana daftari la rambirambi, bosi wa hadwea huyuhuyu kashika ndoo anamimina maji watu wanawe mikono, kijana wa bodaboda anapeleka watu kituoni bure. Kwa hiyo ukiniambia watu wetu ni wavivu au ni wabinafsi nitakukatalia, nimewaona kwa macho yangu.

Tulipokaa kamati ndogo, katibu alinishirikisha na wengine wawili, tuliongea sana habari ya msiba. Kule mtu akifika tu kuna mzee au mjomba anamwambia "wewe nenda kalete viti kwa jirani", haulizi nani anaweza kuleta viti. Kazi inaonekana mwanzo wake na mwisho wake, viti vimefika basi umemaliza. Hakuna anayeleta viti akahofia kwamba kuanzia leo yeye ndo mtu wa viti wa ukoo mpaka afe. Na kila mtu anajua zamu ya kufiwa ipo, leo kwake kesho kwangu. Klabuni kwetu ilikuwa kinyume kila sehemu. Hakuna anayemwambia mtu mmoja mmoja. Kazi haina mpaka. Na ukilishika begi la dawa mara moja ndo umelioa, mzee wa bandari alishika bendera siku moja kumsaidia mtu aliyeteguka mguu, ikapita miaka.

Kuna kitu kingine pia, watu wanajitokeza kirahisi zaidi kwenye jambo kubwa linaloonekana. Mfano ninaoupenda ni Union Berlin ya Ujerumani, mwaka 2008 na 2009 mashabiki wao zaidi ya 2,000 walijitolea kuujenga upya uwanja wao pale Köpenick, saa za kazi zikafika karibu 140,000. Nilipowaeleza wenzangu mwenyekiti akasema hata sisi siku ya bonanza tulipata watu wa kufunga turubai na kubeba spika bila kuwaomba mara mbili, na ni kweli. Uwanja unajengwa mara moja na jina lako linabaki pale, lakini betri za tochi zinaisha kila mwezi na hakuna atakayepiga picha na betri. Kwa hiyo tukakubaliana tusipoteze nguvu na bonanza, bonanza litapata watu. Tushughulike na betri.

Mkutano ulifanyika kiwanjani baada ya mazoezi, watu wamekaa chini, mwenyekiti akasoma zile kurasa za nyuma mstari kwa mstari. Tulimwomba dada ruhusa kwanza, kupitia dada mwingine aliyekuwa anapokelewa simu, akasema someni tu. Alipofika kwenye sahani bosi akauliza sahani moja shilingi ngapi, kashatoa simu anataka kutuma papo hapo. Mwenyekiti akamwambia, na nilimheshimu sana siku hiyo, "Hela yake tutamrudishia kaka, sote, ila nisaidie, zile sahani nani alizibeba kutoka hapa mpaka kwa mwenye turubai?" Bosi hakujua. Hakuna aliyejua. Dada alikuwa amezipeleka na bajaji, usiku, peke yake, baada ya kuzihesabu mara mbili kutafuta zile sita.

Tukaanza na kufuta, kabla hata ya kugawa. Tukaichukua ile orodha na kuuliza kila mstari, tukiacha hiki nani anaumia? Supu ikawa ya kwanza. Wanaume wengi walipinga, supu ndo undugu wenyewe, Jumamosi bila supu ni nini. Hapo mama wa supu akaongea, mtu mpole sana huyu, akasema amejiunga klabu kwa ajili ya presha yake, daktari alimwambia afanye mazoezi, na tangu supu ianze anakimbia nusu ya njia halafu anakatisha kurudi kuangalia sufuria, na Ijumaa yote anashinda kwenye nyama na viazi. Wengi wetu tulikuwa tunamwona anageuza pale njiani tunadhani amechoka. Supu ikaisha siku hiyo. Siku hizi kila mtu anakunywa kwa hela yake kwa mama lishe aliye jirani na kiwanja, tunamtumia tu idadi Ijumaa, na undugu haujapungua hata tone, tunakaa benchi lilelile mpaka saa tatu. Ningesema kwamba hapo peke yake tuliondoa kama theluthi ya mzigo wa wiki, na ilikuwa theluthi yote ya wanawake.

Ada nayo tukaacha kuidai mkononi, inatumwa kwa simu, na kila tarehe moja ukurasa wa kaunta buku unapigwa picha unawekwa kwenye grupu, umesainiwa na watu wawili. Hili lilikuwa la lazima. Hazina haipati mtu kwa sababu ndo kazi unayoifanya bure halafu unaitwa mwizi, ukiiondoa ile tuhuma kazi yenyewe ni nusu saa kwa wiki.

Zilizobaki tukazikata vipande vidogo kadiri tulivyoweza. Hapa nilileta mfano wa parkrun ya Uingereza, ile ya kilomita tano kila Jumamosi asubuhi, bure kwa mtu yeyote. Ilianza tarehe 2 Oktoba 2004 Bushy Park, London, na wakimbiaji 13 tu, siku hizi iko nchi zaidi ya 20 na kila tukio linaendeshwa na watu wa kujitolea. Ukiangalia kazi zao unaona ni ndogo mno, mmoja anabonyeza saa, mmoja anagawa vibao vya namba mwisho, mmoja anatembea wa mwisho ili asiwepo mkimbiaji wa kuona aibu ya kuwa wa mwisho, mtu anafundishwa pale pale na akishaondoka asubuhi hiyo hadaiwi kitu. Na kujitolea kunahesabiwa kama kukimbia kunavyohesabiwa, kuna mpaka tisheti ya waliofikisha mara 25.

Hilo la kuhesabiwa lilitufumbua macho. Sisi tulikuwa na utaratibu wa mwisho wa mwaka, waliohudhuria mara nyingi zaidi wanapewa jezi mbele ya watu. Na rejista ilikuwa inamwandika aliyekimbia tu! Aliyebaki kiwanjani kulinda mabegi na kupanga maji anaandikwa hayupo. Yaani mtu anaamka saa kumi kwa ajili ya klabu na daftari la klabu linasema hakuja. Tukabadilisha siku hiyohiyo, mwenye kazi anaandikwa amekimbia, na ukiniuliza mimi katika mabadiliko yote hili ndo lilikuwa rahisi kuliko yote na lilituonyesha zaidi tulivyokuwa tumekosea.

Kuomba nako kulibadilika. Hakuna tena "tunahitaji watu wa kujitolea" kwenye grupu. Katibu au mmoja wetu anamwendea mtu, kwa jina, na kazi moja na tarehe, "Shem, Jumamosi ya pili ya mwezi utashika bendera ya nyuma na kaka yako fulani, filimbi nitakuletea mwenyewe, sawa?" Mtu anaweza kusema hapana, na wengine wanasema, lakini anasema kwa mdomo wake na sababu yake, na mara nyingi anaongeza mwenyewe, hiyo siwezi ila naweza ile. Muuguzi wetu mmoja hawezi Jumamosi yoyote ya shifti, lakini begi la dawa analikagua nyumbani kwake katikati ya wiki na tangu alichukue halijawahi kuwa na kitu kilichoisha muda. Mwenye duka anawahi kufungua, basi anashusha maji saa kumi na moja akipita na kirikuu chake, kazi imeisha kabla hatujaanza kukimbia.

Kazi zote tunafanya wawili wawili, tunamchanganya mzoefu na mgeni. Na kila kazi ina mwisho, miezi mitatu unarudisha kifaa mkononi mwa katibu mbele ya watu, ukitaka kuendelea unaomba upya. Mwanzoni kamati iliogopa kwamba kila mtu atarudisha na kukimbia, ikawa tofauti, watu walikubali kwa urahisi zaidi kwa sababu wanaona mlango wa kutokea. Ukiwa na dharura unatafuta mwenyewe wa kubadilishana naye, halafu unaandika kwenye grupu majina mawili, anayetoka na anayeingia. Ukiandika jina moja ujumbe haujakamilika, na wanachama wenyewe wanakuuliza, "na anayeingia?" Hiyo sentensi ya maneno mawili imemwokoa katibu kuliko jedwali lolote.

Wageni wanapewa kazi Jumamosi ya tatu, ya rejista, unasimama na daftari unauliza watu majina. Tulibishana sana hapa, wakongwe wakasema mgeni atajiona katumwa ataondoka. Mimi nilikuwa upande wa kuwapa na bado nipo, kwa sababu mgeni anayekimbia kimya nyuma miezi miwili hakuna anayejua alipopotelea, lakini aliyeandika majina ya watu 40 kwa mkono wake Jumamosi inayofuata anasalimiwa na nusu ya kundi.

Faini tumefuta. Bosi alikataa kwanza, akasema basi yeye achangie vipi maana muda hana kweli, safari zake ni za mikoani. Tulikaa naye tukamwomba kitu kimoja, siku akiwepo ashike bendera ya mbele, na jezi aendelee kutoa kama mfadhili lakini jezi isilipe zamu. Alikubali la kwanza upesi sana, na sasa ukimwona na ile filimbi anavyosimamisha magari pale mataa utajua alikuwa hajawahi kupewa kazi na mtu klabuni, kila mtu alikuwa anamwomba hela tu. La pili bado linatusumbua, kuna wanaosema aliyetoa jezi 50 asiulizwe kitu, na hilo halijaisha.

Kingine kisichoisha ni siku za bonanza. Kazi za Jumamosi zimechanganyika vizuri, wanaume wanafua vizibao, wanawake wanashika bendera, lakini wageni wakija tu jikoni kunarudi kuwa kwa wanawake na sisi tunarudi kwenye spika. Safari iliyopita tuliwapangia wanaume wanne kupika pilau na wawili walitokea. Pilau lililiwa, ila wale wawili walimaliza siku hawajagusa mpira, na hilo ni lilelile la mama wa supu limehama mtu tu.

Na wapo walioondoka. Kama watu wanane hivi, kazi zilipoanza kuja kwa majina wakapungua taratibu. Mwenyekiti anaumia nao, anasema klabu ni ya afya, mtu anayekuja kukimbia tu na kuondoka bado anaokoa mwili wake, kwa nini tumfukuze. Mimi nasema hatukumfukuza, tulimwomba nusu saa kwa mwezi. Hatujaelewana na nadhani ana hoja kwa wagonjwa na wazee, kwa hiyo wale tumewaandika pembeni, hawaombwi kitu mpaka waseme wenyewe. Yule kijana wa bodaboda alifuatwa na katibu mpaka kijiweni kwake, deni likafutwa, amerudi, na ndo anayetangulia na pikipiki kuangalia njia siku tukienda mbali. Mzee wa bandari sasa anakimbia katikati ya kundi na ametuambia ameanza kusikia nyimbo vizuri, kule nyuma zilikuwa hazimfikii.

Dada mtunza hazina hakurejea grupuni kwa muda mrefu. Alirudishiwa hela ya sahani sita, na mwenyekiti na katibu walikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, hasa kwa yale maneno ya wizi, na walioyaandika wakaambiwa wapige simu wenyewe, wawili walipiga. Siku hizi anakuja Jumamosi anakimbia, hana kazi yoyote na hakuna ruhusa ya kumpa. Kwenye mkutano uliopita mtu alimpendekeza tena hazina kwa nia njema kabisa, watu wakaanza kupiga makofi, mwenyekiti akazuia kura kwanza akamuuliza yeye, akasema hapana, na mkutano ukaendelea na jina lingine.

Hazina wanatakiwa watu wawili na mpaka sasa tuna mmoja, mwalimu wa sekondari. Mkutano mkuu ni Desemba. Dada amekubali kumfundisha atakayepatikana namna ya kufunga kaunta buku, Jumamosi mbili baada ya mazoezi, saa moja kila siku, zaidi ya hapo amesema hapana, na hizo saa mbili katibu ameshaziandika kwenye rejista kama kazi.